Kupunguza unyanyapaa wa uzito katika huduma za wajawazito: pa kuanzia na la kufanya

Mjamzito mwenye mwili mkubwa akiingia kliniki hujua mapema kama alitarajiwa. Viti vya foleni vina mikono ya pembeni na havimwingii. Mizani iko ukumbini, na kilo zake zinasomwa kwa sauti hadi mtu wa mwisho kwenye benchi anazisikia. Mkanda wa presha unaachia ukishajaa upepo, kisha mtu anaitwa alete "ule mkubwa". Hakuna aliyemtukana, lakini ameshaelewa kwamba huduma hii ilipangwa bila yeye kufikiriwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vifaa na taratibu, maneno yanafuata. Semina ya lugha nzuri haifuti fedheha ya mkanda usiofunga. Tena kifaa kisichomfaa mama hakimuumizi moyo tu: kinatoa vipimo vya uongo, na vipimo vya uongo huzaa matibabu yasiyo sahihi.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Uzito mkubwa wakati wa ujauzito unaongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kifafa cha mimba, damu kuganda kwenye mishipa, kujifungua kwa upasuaji na mtoto kufia tumboni. Kuyasema hayo si unyanyapaa, na kuyaficha ni kumnyima mama haki yake. Unyanyapaa ni kumlaumu, kumdharau, au kumpa huduma pungufu kwa sababu ya mwili wake. Nao haupunguzi hatari hata moja kati ya hizo. Anayeaibishwa huruka mahudhurio, huacha kuuliza maswali, hujibu kile anachodhani nesi anataka kusikia. Machi 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la Nature Medicine wakisema unyanyapaa wa uzito unadhuru afya ya mwili na ya akili, na kwamba dhana ya kuwa unene ni uvivu na ulafi tu haiungwi mkono na sayansi. Urithi wa vinasaba, dawa, usingizi, msongo, kipato na maradhi vyote vina mkono katika uzito wa mtu.

Mkanda wa presha kwanza

Kama kituo kina fedha za kurekebisha kitu kimoja tu, kirekebishwe hiki.

Mkanda mdogo kuliko mkono husoma presha juu kuliko ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwa watu wazima ulionyesha kwamba wenye kuhitaji mkanda mkubwa kabisa, wakipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa karibu milimita 20 za zebaki. Piga hesabu: mama mwenye 125 anaandikiwa 145. Amevuka 140, kiwango kinachohesabiwa kuwa shinikizo la damu la ujauzito. Analazwa, anapewa dawa, pengine anaanzishiwa uchungu kabla ya wakati, na chanzo ni kipande cha nailoni.

Upande wa pili una hatari zaidi. Wafanyakazi wakishazoea kwamba mkanda haufai, huanza kusema "hiyo ni kwa sababu ya mkono wake tu", na siku presha inapopanda kweli hakuna anayeiamini.

Fanya hivi:

1. Mama akunje kiwiko. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama katikati ya hizo mbili. Kisha mkono uning'inie, uzungushe futi kamba penye alama bila kukaza.
2. Chagua mkanda kwa namba, si kwa jicho. Kwa vipimo vinavyotumika sana: mzunguko wa sm 22 hadi 26, mkanda mdogo wa mtu mzima, 27 hadi 34, wa kawaida, 35 hadi 44, mkubwa, 45 hadi 52, mkubwa kabisa, ule uitwao wa paja. Watengenezaji hutofautiana, kwa hiyo soma mipaka iliyochapishwa kwenye mkanda wenyewe. Mfuko wa upepo ulio ndani uzunguke asilimia 75 hadi 100 ya mkono.
3. Andika kwenye kadi ya kliniki: "mkono sm 38, mkanda mkubwa". Mzunguko hubadilika kadiri mimba inavyokua, basi upimwe tena akifika miezi mitatu ya mwisho.
4. Apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kupishana, mkono usawa wa moyo umeegeshwa juu ya kitu. Usifunge juu ya nguo, wala usisukume mkono wa gauni juu ukabana kama kamba. Msipige soga wakati kifaa kinasoma.

Mikono mingine ni minene juu na myembamba karibu na kiwiko, hivyo mkanda mkubwa unateleza au unafunguka. Hapo unaweza kupima kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja, mkono ukiwa usawa wa moyo, kwa mkanda unaoutosha. Namba ya kigasha hailingani moja kwa moja na ya mkono wa juu, kwa hiyo andika "kigasha" pembeni ya namba na tumia sehemu ileile kila mara, mabadiliko yaonekane. Kama kifaa ni cha umeme, kiwe kimethibitishwa kutumika kwa wajawazito, kwa sababu vingine hupotoka hasa kwa mwenye kifafa cha mimba.

Mikanda yote ikae chumba cha kupimia, ining'inie pamoja. Na maneno ya kusema ni mafupi: "Napima mkono nichague mkanda unaokutosha." Mama wote wapimwe hivyo, wembamba kwa wanene. Likiwa jambo la kila mtu, hakuna anayejiona ametengwa.

Viti, vitanda, kanzu, mizani

Tembea njia ile ile anayopita mjamzito, kuanzia mlangoni hadi chumba cha leba, na kila unapokuta kifaa kinachobeba mtu soma uzito kinaoweza kubeba. Kiti cha magurudumu, kitanda cha kupimia, kitanda cha kujifungulia, meza ya upasuaji, machela, mizani. Mizani nyingi za kawaida huishia kilo 150 au chini ya hapo. Tafuta inayofika kilo 250. Orodha ya mipaka hiyo ikae kwa msimamizi na kwenye karatasi ya chumba cha wafanyakazi. Usiibandike kwenye kitanda mama akaisoma akiwa amelala.

Kila sehemu ya kusubiri iwe na viti kadhaa visivyo na mikono, vichanganywe na vingine. Kanzu za hospitali ziwepo za saizi kubwa zinazofunga nyuma kabisa, na mhudumu ampe mama ya saizi yake bila kumwambia "hii ndiyo kubwa kuliko zote tulizonazo".

Mizani ikae chumbani, mlango ufungwe. Hudhurio la kwanza, uzito na urefu vinahitajika ili kupata BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita. Baada ya hapo uliza kila mara: namba hii itabadilisha nini leo? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unataka uzito upimwe mwanzoni, na hauagizi kila mama apimwe kila hudhurio. Kama mwongozo wa nchi yako unataka kila hudhurio, pima, ila kwa staha. Sababu nzuri za kupima tena zipo: kukokotoa dozi, maandalizi ya dawa ya usingizi, kutapika kulikokithiri, kuvimba kwa ghafla, mtoto asiyekua vizuri.

Omba ruhusa, eleza sababu, mwambie anaweza kusimama akiipa namba mgongo kama hataki kuiona. Andika kimya. Usigune, usiinue nyusi, usimsifu. Akikataa, na leo hakuna dozi inayotegemea uzito, andika "hakupenda kupimwa uzito leo" na endelea na huduma nyingine zote. Dozi ikitegemea uzito, mweleze hivyo hasa, dawa gani na kwa nini, na wengi wakielezwa hukubali. Kukadiria uzito kwa macho ndilo kosa la kuepuka kabisa hapa.

BMI yenyewe itumike kwa kiasi chake. Hesabu yake ilitokana na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji mwaka 1832, aliyekuwa mtakwimu akichunguza makundi ya watu, na jina la sasa likatolewa na Ancel Keys mwaka 1972. Inasaidia kuamua nani apewe vipimo na dawa fulani. Haisemi mama anakula nini, anatembea kiasi gani, wala anajali mtoto wake kiasi gani.

Kuongezeka uzito: namba na mitego yake

Viwango vinavyotumika sana ni vya Institute of Medicine ya Marekani, vya mwaka 2009, kwa mimba ya mtoto mmoja, vikihesabiwa kutoka uzito wa kabla ya ujauzito hadi mwisho:

- BMI chini ya 18.5: kilo 12.5 hadi 18
- BMI 18.5 hadi 24.9: kilo 11.5 hadi 16
- BMI 25 hadi 29.9: kilo 7 hadi 11.5
- BMI 30 na zaidi: kilo 5 hadi 9

Hizi ni jumla za miezi yote. Si mtihani wa kila wiki mbili. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi, damu iliyoongezeka, matiti na mji wa mimba. Anayegombezwa kwa kilo moja iliyozidi leo hufunga siku mbili kabla ya hudhurio lijalo, na kufunga huko hakumsaidii yeye wala mtoto. Kujinyima ili kupungua uzito wakati wa ujauzito hakushauriwi.

Mitego miwili ni ya kuangaliwa sana. Wa kwanza: mama ameongezeka kilo 3 ndani ya wiki mbili, na swali la kwanza analoulizwa ni "umekula nini?" Ongezeko la ghafla namna hiyo mara nyingi ni maji mwilini. Angalia uso na mikono kama imevimba, uliza kichwa kuuma na kuona ukungu, pima presha kwa mkanda sahihi, pima protini kwenye mkojo. Ndipo, kama yote ni salama, muulize chakula.

Wa pili ni mama mnene aliyepungua kwa kutapika, anayepokewa kwa "hongera, umepungua". Huyo anaweza kuwa amekaukiwa maji. Apimwe mapigo, presha, ketoni kwenye mkojo, na aulizwe mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini, sawasawa na mwembamba anayetapika.

Maneno yanayotumika chumbani

Anza kwa kuomba ruhusa, tena ruhusa ya kweli inayokubali jibu la hapana: "Mama, ningependa tuzungumze kidogo kuhusu uzito na ujauzito, kwa sababu kuna vipimo viwili nataka tuvipange. Ni sawa tukifanya hivyo leo?" Akisema si leo, panga vipimo hata hivyo na umwambie mlango uko wazi.

Tumia maneno yasiyo na hukumu: uzito, BMI, mwili mkubwa. Wengine wana neno lao wanalopendelea, muulize na ulifuate. Bonge, kibonge, tipwatipwa, "hiyo minyama", "umejiachia": hayo yatoke kliniki kabisa, hata yanaposemwa kwa kicheko. Mama mnene hucheka pamoja na nesi kwa sababu anamhitaji. Kicheko chake si idhini.

Kila hatari unayoitaja iambatane na kitakachofanyika. Linganisha kauli hizi mbili. Ya kwanza: "Kwa uzito huu utapata kisukari, na mtoto atakuwa hatarini." Ya pili: "BMI yako ni 36. Kwa BMI hiyo kisukari cha mimba hutokea zaidi kuliko kwa wenye BMI ndogo, ingawa wengi hawakipati. Tutakupima kati ya wiki ya 24 na 28: utafunga usiku, utatolewa damu, utakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, utatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kikionekana, kuna lishe, mazoezi na dawa, na mtoto tutamfuatilia." Ya pili ni ndefu, lakini mama anatoka akijua la kufanya. Ya kwanza inamwacha na hofu tu.

Kisha andika kwenye kadi kwamba mazungumzo yamefanyika, tarehe, na alichouliza. Hili linadharauliwa mno. Mama anayehudhuria mara nane na kukutana na watu tofauti husikia onyo lilelile mara nane, kila mmoja akidhani ni wa kwanza kumwambia. Ukiona limeandikwa, usirudie. Sema tu: "Naona mlishazungumza kuhusu uzito. Kuna swali lililobaki?"

Chakula na mazoezi viulizwe kabla ya kushauriwa, na viulizwe kwa mama wote. "Niambie siku ya kawaida unakula nini, na kitu gani kinakuwia kigumu." Usimwambie aache soda kabla hujajua kama anakunywa. Kumbuka pia kwamba mwenye mwili mkubwa anaweza kuwa na ugonjwa wa ulaji, wa kula kupita kiasi kwa siri au kujitapisha, na ushauri wa "kula kidogo" unaweza kumrudisha huko. Na wembamba nao hutaniwa: "mtoto utambeba wapi na kiuno hicho?" Kanuni ni hiyo hiyo kwao.

Dalili zisizikwe chini ya uzito

Hapa ndipo unyanyapaa unapoua, na hapa unajificha vizuri kuliko popote, kwa sababu unavaa sura ya maelezo ya kitaalamu. Mama anasema anahema, anajibiwa ni mwili. Anasema mguu unamuuma, ni mwili. Mgongo, mwili. Uzito unakuwa jibu kabla ya uchunguzi kuanza.

Swali la kujiuliza kila mara ni moja: huyu angekuwa na kilo 60, ningefanya nini? Fanya hicho kwanza.

Anayehema akiwa amekaa, au anayeamka usiku kwa kukosa pumzi, hesabu pumzi na mapigo, pima oksijeni, sikiliza mapafu na moyo, angalia damu kama imepungua. Bonge la damu kwenye mapafu na moyo kushindwa kufanya kazi huanza hivyo, na uzito mkubwa huongeza uwezekano wa vyote viwili. Yaani uzito ni sababu ya kuchunguza haraka zaidi, wala si sababu ya kutochunguza. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kuliko mwingine: pima mzunguko wa mashavu ya miguu yote miwili kwa futi kamba, na kama kuna shaka apelekwe kupimwa mishipa siku hiyo hiyo. Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia: fikiria ini linalohusika na kifafa cha mimba, fikiria mawe ya nyongo, kabla ya kusema ni kiungulia cha ulaji.

Mtoto amepunguza kucheza? Asiambiwe kamwe kwamba mafuta ya tumbo ndiyo yanamzuia kuhisi. Yeye analinganisha leo na jana katika tumbo lile lile. Kilichobadilika ni mtoto, na achunguzwe siku hiyo.

Kwenye faili, "unene" hauwezi kuwa maelezo ya dalili kama hakuna uchunguzi ulioandikwa juu yake. Msimamizi akipitia mafaili atafute mstari huo hasa.

Kupima tumbo na altrasaundi

Kabla ya kugusa mkunjo wa tumbo, omba. Wengi hupendelea kuuinua wenyewe: "Naomba uinue tumbo kidogo kwa mikono yako, nishike hapa chini." Ukimaliza, mpe taulo akaushe jeli hadi ndani ya mkunjo, kwani unyevu ukibaki hapo ngozi huchubuka na kuota fangasi.

Mawimbi ya sauti hupungua nguvu kadiri yanavyopita kwenye tishu nyingi, kwa hiyo picha huwa hafifu. Ni suala la fizikia ya mashine. Tumia masafa ya chini, kisha tafuta njia fupi: chini ya mkunjo, kupitia kitovuni, pembeni mama akiwa amelala ubavu, au kwa kifaa cha ukeni mimba ikiwa changa. Kiungo fulani kikishindwa kuonekana, sema waziwazi: "Moyo wa mtoto leo sijauona vizuri kwa jinsi alivyolala na kwa umbali wa mashine. Haina maana una tatizo. Tutarudia wiki ijayo." Usipige kifaa kwa nguvu huku ukisonya. Kwenye ripoti andika kiungo ambacho hakikuonekana, ulichojaribu, na tarehe ya kurudia. "Mama mnene" pekee haimsaidii anayefuata.

Kutafuta mapigo ya moyo wa mtoto kunaweza kuchukua muda. Mwambie kabla hujaanza kwamba huenda ikachukua dakika chache, maana ukimya wa chumba hicho unatisha kuliko unavyodhani. Kwa BMI ya zaidi ya 35, urefu wa mji wa mimba kwa futi kamba si wa kutegemewa sana, na ukuaji hufuatiliwa kwa altrasaundi za mfululizo pale zinapopatikana.

Dozi, ganzi, upasuaji

Aibu ya kupima uzito huishia hapa, kwenye dozi pungufu. Mfano wa miongozo ya Uingereza ya kuzuia damu kuganda kwa enoksaparini, kwa siku: chini ya kilo 50, mg 20, kilo 50 hadi 90, mg 40, 91 hadi 130, mg 60, 131 hadi 170, mg 80. Mama wa kilo 135 akipewa mg 40 za mazoea anakuwa amepewa nusu ya kinga. Antibiotiki ya sefazolini kabla ya upasuaji kwa kawaida ni gramu 2, na wataalamu wa Marekani wanaruhusu gramu 3 kwa wenye kilo 120 na zaidi. Asidi ya foliki kwa wenye BMI ya 30 na zaidi ilikuwa mg 5 kila siku kwa mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, wakati wengine hupewa mikrogramu 400, lakini ushauri mpya wa huko hautaki dozi hiyo kubwa kwa sababu ya BMI pekee. Nchi yako ikiwa na viwango tofauti fuata hivyo, lakini viwe vimeandikwa ukutani mwa chumba cha dawa ili mtu asikokotoe kwa kumbukumbu.

Kwa BMI ya 40 na zaidi, mama akutane na daktari wa usingizi kabla ya miezi kuisha. Mwambie sababu halisi: "Tunataka akuangalie mgongo na njia ya hewa mapema, aandae sindano yenye urefu unaofaa, ili siku hiyo pasiwe na haraka." Asiambiwe yeye ni "kesi ngumu". Sindano fupi ndiyo tatizo, na sindano ndefu zipo. Kwenye kushona, tabaka la mafuta lenye kina cha zaidi ya sm 2 lishonwe ili kidonda kisifumuke.

BMI peke yake si sababu ya upasuaji, wala si sababu ya kumlaza mama chali muda wote wa uchungu. Kusimama, kupiga magoti, kulala ubavu, vyote anaruhusiwa alimradi mapigo ya mtoto yanasikika, na mhudumu ndiye ahamishe kifaa kumfuata. Wa kumgeuza au kumhamisha wapangwe nje ya chumba. Kuitana juu ya kitanda chake, "njooni tusaidiane huyu ni mzito," ni neno atakalolikumbuka miaka yote pamoja na siku ya kuzaliwa kwa mwanawe.

Baada ya kujifungua

Maziwa kwa mama mwenye mwili mkubwa wakati mwingine huchelewa kujaa, kupita siku ya tatu. Akijua mapema hatadhani mwili umemwangusha. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ikamuliwe kwa mkono kila baada ya saa mbili au tatu kama mtoto hanyonyi vizuri. Mlalo wa kumshika mtoto chini ya kwapa, au wote kulala ubavu, humfaa mwenye matiti makubwa. Taulo iliyoviringishwa chini ya titi inaachia mkono mmoja huru. Kumpa chupa bila kumuuliza, kwa kudhani hataweza, ni unyanyapaa ule ule.

Ukaguzi mfupi wa kila mwezi

Chukua kadi 20 bila kuchagua. Ngapi zina mzunguko wa mkono? Ngapi zina onyo la uzito lililorudiwa zaidi ya mara moja? Ngapi zina dalili iliyofungwa kwa neno "unene"? Waulize mama watano wanaotoka: kilo zako zilisikika na mtu mwingine? Mkanda ulikutosha? Mhudumu akitoa dhihaka mbele ya mama, mwenzake abadilishe mazungumzo hapo hapo, kisha amwambie faraghani siku hiyo hiyo. Hata vicheko vya chumba cha chai vina athari, kwani wapo wahudumu wenye miili mikubwa wanaovisikia kila siku.

Kwa mjamzito na anayemsindikiza

Una haki ya kusema mambo haya, na anayekusindikiza, awe mume, dada au mama mkwe, anaweza kuyasema kwa niaba yako:

"Naomba mkono upimwe kwanza kabla ya kufunga mkanda."

"Pima uzito, ila naomba usinitajie."

"Hilo la uzito nimeshaelezwa, liko kwenye kadi. Leo nimekuja kwa hili."

"Mwenye uzito mdogo akija na dalili hii mngemchunguza vipi? Naomba nichunguzwe hivyo."

"Kama hamtachunguza, naomba iandikwe kwenye kadi kwamba nimelalamika na sababu ya kutochunguza."

Sentensi hiyo ya mwisho hufungua milango mingi, kwa hiyo isemwe kwa upole na bila kurudi nyuma. Na kama una kichwa kinachouma vikali, macho kuona ukungu, maumivu ya juu ya tumbo, kuhema ukiwa umetulia, mguu mmoja uliovimba, kutokwa damu au maji, au mtoto aliyepunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Ukirudishwa nyumbani bila kupimwa na dalili bado ipo, rudi au nenda kituo kingine siku hiyo hiyo, ukiwa na kadi yako mkononi.